Nani Anahesabu?

Kijana wa Bangwe akihamia Dar es Salaam na kuamua kuutunza mwili wake, huuliza mambo matatu: ada ni kiasi gani, kuna mashine gani, na ni mtaa gani. Juzi binti wa kaka yangu aliniuliza yaleyale kwa simu. "Shikamoo baba mdogo. Karibu na ofisi kuna jimu, ghorofani kwake kuna darasa la yoga, na mtaani kwetu kuna kundi la jogging. Magoti yananisumbua na kitambi ndiyo hicho. Nijiunge wapi?" Nikamjibu, "Marahaba mwanangu. Bei tutaijadili baadaye. Kwanza niambie, huko kote nani anahesabu?" Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia salio linakwisha.

Sikuwa namtania. Popote watu wanapokusanyika kuuchosha mwili kwa hiari, pana kitu kinachotoa kipimo, kinachosema sasa anza, sasa pumua, sasa inatosha. Kuna mahali ni sauti ya mtu, kuna mahali ni ngoma, kuna mahali ni pumzi yako mwenyewe, na siku hizi mara nyingi ni namba nyekundu zinazowaka kwenye mashine. Mila mbalimbali zimelijibu jambo hili kwa njia zinazopingana kabisa, na nadhani mtu anayechagua ukumbi bila kuuliza kipimo chake kinatoka wapi anachagua rangi ya kuta tu.

Tuanze nyumbani. Bangwe ni rasi iliyo kusini mwa ghuba ya Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika, na aliyekulia hapo hujifunza hesabu ya mwili kabla ya hesabu ya darasani. Boti nzito ya mbao haipandi mchangani kwa sababu wavutaji wana misuli. Inapanda kwa sababu wamevuta kwa pamoja. Mmoja huimbisha, wengine huitikia, na mvuto wote hukaa kwenye kiitikio. Katikati ya mistari watu hupumua, hubadilisha mguu, hutaniana. Asiyejua wimbo huvuta wenzake wakiwa wamelegeza, na kesho yake bega humpa taarifa.

Utaratibu huo ni mkongwe kwenye njia zinazoishia ziwani kwetu. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858, walikuwa wameletwa na aina ya msafara iliyokuwapo kabla yao: mbele kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, na ngoma, nyuma wapagazi, kila mmoja na mzigo unaokaribia kilo 30. Nyimbo zilipanga mwendo, zikatangaza kuondoka, zikaupokea mji. Kirangozi hakuwa na saa mkononi, lakini msafara mzima ulijua kutoka kwake ni wakati gani wa kunyanyua na wakati gani wa kutua.

Utamu wa picha hiyo nitaukata hapohapo. Wimbo wa msafara ulikuwapo ili mzigo ufike, afya ya mpagazi ilikuwa juu yake mwenyewe. Ndiyo maana simwamini mtu anayesema kwamba mvuvi hahitaji mazoezi kwa kuwa kamba ndiyo jimu yake. Mwaka 2018 Pieter Coenen na wenzake walichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 17 zenye washiriki zaidi ya 190,000. Walikuta kwamba wanaume wenye kazi nzito za mwili walikuwa na hatari ya kufa mapema iliyozidi kwa asilimia 18 ile ya wenye kazi nyepesi, ilhali mwendo wa mwili wakati wa mapumziko unajulikana kwa kufanya kinyume chake. Maelezo yanayotolewa yanaeleweka kwa yeyote aliyewahi kusimama bandarini Kigoma. Kazi nzito hurudia mkao uleule kwa saa nyingi, hupandisha mapigo ya moyo na presha kwa muda mrefu bila kuyashusha, na haimwachi mtu apumzike mpaka mwili ujijenge upya. Kuli hatui gunia kwa kuwa kiuno kimechoka. Anatua meli ikijaa. Anayehesabu pale ni mwenye mzigo.

Kwa hiyo swali halijibiwi kwa kusema "turudi kwenye nyimbo". Inabidi kujua pia wimbo unamtumikia nani.

Waajemi walilitafutia jambo hili jibu ninalolipenda kuliko yote. Wana nyumba inayoitwa zurkhaneh, nyumba ya nguvu, na mwaka 2010 UNESCO iliziingiza desturi zake katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mlango wake kwa jadi ni mfupi, ili kila aingiaye ainame, awe tajiri au mchukuzi. Katikati kuna shimo la pembe nane, kina chake karibu mita moja, na mazoezi yote hufanyika humo. Juu, kwenye kijukwaa, hukaa murshidi mwenye ngoma na kengele. Yeye ndiye anayeimba mashairi, pamoja na yale ya Ferdowsi na Hafez, na mapigo yake ndiyo yanayoamua rungu zito la mbao lizungushwe mara ngapi na pushapu zishuke kwa kasi gani. Kwa asili ni mazoezi yanayohusishwa na askari, lakini humo shimoni hakuna adui wala mzigo wa mtu. Nguvu imetolewa kazini, imetolewa vitani, imewekwa mahali ambapo mwenye sauti anawatazama waliochoka na kupunguza mwendo.

Kasoro yake ni kubwa, na nisingeificha mbele ya binti wa kaka yangu: kwa jadi ile ni nyumba ya wanaume. Mlango unaomwinamisha tajiri haukumfungukia dada yake.

Mchakamchaka wetu unafanana na zurkhaneh kwa sauti tu. Aliyesoma shule ya msingi Tanzania miaka ya zamani anakumbuka umande, mstari, kiongozi pembeni, na nyimbo za kisiasa zilizoingia kichwani kabla hatujazielewa. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, liliufanya ukimbiaji huo kuwa sehemu ya malezi ya raia. Aliyehesabu hapo alikuwa taifa. Na hilo si jambo letu peke yetu. Huko Prussia, Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wa viungo kwenye bustani ya Hasenheide, Berlin, mwaka 1811, wakati majeshi ya Napoleon yameikalia nchi, akiwaandaa vijana kwa vitanzi, miti ya kukwea na nyimbo za uzalendo. Miaka michache baadaye watawala waliogopa vijana hao hao. Jahn akakamatwa mwaka 1819, na kuanzia 1820 hadi 1842 mazoezi ya aina yake yalipigwa marufuku.

Msomaji wa Kigoma hahitaji kwenda Berlin kuona hofu hiyo. Upo mji kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa letu ambako watu hukimbia kwa makundi mwishoni mwa wiki, wakiimba, wakipandisha na kushuka vilima. Ni Bujumbura, Burundi. Mwaka 2014, baada ya wafuasi wa chama cha upinzani kugongana na polisi, mamlaka zilizuia ukimbiaji wa makundi mitaani na kuuelekeza kwenye viwanja vilivyotengwa. Serikali ilikuwa imeelewa jambo ambalo wauza mashine hawajalielewa hata leo: watu wanaopumua kwa mdundo mmoja wanaweza kukubaliana mambo mengine pia. Nchi jirani ya Rwanda ilielekea upande mwingine. Tangu 2016 Kigali hufunga baadhi ya barabara zake kwa magari Jumapili zilizopangwa ili watu wakimbie na kuendesha baiskeli. Kwetu, Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Wilaya nyingine ziliitikia kwa nguvu, nyingine kwa kupiga picha.

Makundi ya jogging ya Dar es Salaam ni watoto wa mchakamchaka waliokimbia nyumbani. Wamechukua wimbo na mstari, wameacha bendera. Alfajiri ya Jumapili unawasikia kabla hujawaona: fulana za rangi moja, filimbi, mtu anaimbisha, na nyuma kabisa mama mwenye umbo lake anayekimbia kwa mwendo wake bila kuachwa. Baada ya kukimbia kuna viungo uwanjani, baada ya viungo kuna supu. Wengi wana daftari la michango ya misiba na harusi. Wataalamu wa viungo wanaweza kulalamika, na wana haki, kwamba wengine hukimbia juu ya lami na raba zilizokwisha, na kwamba anayeongoza hajui goti limejengwaje. Lakini ukikosa wiki mbili utapigiwa simu. Kundi linahesabu vichwa.

Sasa tuingie jimu, mahali ambapo hesabu ya vichwa ina maana nyingine kabisa.

Baba wa biashara hiyo, kama anahitajika mmoja, ni Eugen Sandow, mzaliwa wa Prussia aliyefungua taasisi yake ya kujenga mwili London mwaka 1897. Alikuwa mtu wa maonyesho kwanza: watu walilipa kutazama misuli yake, kisha wakalipa kununua vifaa vyake na picha zake. Mwaka 1901 aliujaza ukumbi wa Royal Albert Hall kwa shindano la umbo, mwandishi Arthur Conan Doyle akiwa mmoja wa waamuzi. Nguvu haikupimwa tena kwa kitu ulichonyanyua au mtu uliyemwangusha, ilipimwa kwa jinsi unavyoonekana. Kioo kikubwa kinachofunika ukuta wa jimu ya leo kimetoka huko. Hakuna anayeimbisha. Redio inapiga muziki ambao hakuna anayeufuata, kila mmoja ana vipokea sauti vyake masikioni, na mashine inahesabu hatua na kalori kwa uaminifu ambao hauhusiani na wewe.

Msomaji asidhani nakebehi vyuma. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na juu yake mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Sehemu hiyo ya pili, jogging na ngoma haviifikii vizuri. Vyuma vinaifikia, na havihitaji kuwa vya fahari. Kopo la rangi lililojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba limetoa vifua vingi mitaani kwetu. Kwenye jimu hizo za uani, vijana wanaoita mazoezi tizi hukaa wawili wawili, mmoja ananyanyua na mwenzake anamhesabia kwa sauti, "nane, tisa, bado moja, usiniaibishe". Hapo zege linapata murshidi wake.

Jimu ya ghorofani, kwa upande wake, ina siri iliyoandikwa na wachumi. Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walifuatilia wanachama 7,752 wa vituo vitatu vya mazoezi Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 2006. Waliojiunga kwa mkataba wa mwezi unaozidi dola 70 walihudhuria kama mara 4 tu kwa mwezi, hivyo kila ziara iliwagharimu zaidi ya dola 17, wakati wangeweza kununua kadi ya ziara 10 na kulipa dola 10 kila wanapokwenda. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wanamlipia mtu waliyedhani watakuwa. Kwa mwenye jimu, mwanachama asiyekuja ni mteja mzuri: halowanishi benchi kwa jasho, hatumii maji ya bafu, na ada yake inaingia. Ndiyo maana nikitazama mkataba wa mwaka mzima wenye punguzo kubwa Masaki au Mikocheni, najiuliza kwanza kama ukumbi ungewatosha wanachama wote siku wakijitokeza pamoja.

Yoga ndiyo inayochanganya watu wa kwetu zaidi, kwa sababu inauzwa kama kitu cha kale kisichobadilika na inaogopwa kwa sababu hiyohiyo. Falsafa yake ni ya kale kweli. Mfululizo wa mikao unaofundishwa madarasani, hata hivyo, umri wake ni mdogo kuliko unavyodhaniwa. Miaka ya 1930 Tirumalai Krishnamacharya alifundisha yoga katika jumba la kifalme la Mysore chini ya ufadhili wa Maharaja, na mitindo mingi maarufu ya leo imepitia kwa wanafunzi wake. Mark Singleton, katika kitabu alichokitoa mwaka 2010, amedai kwamba mikao mingi ya darasani iliundwa katika mazungumzo na mazoezi ya viungo ya Ulaya yaliyokuwa yameingia shule na kambi za India. Wengine wanambishia ni kwa kiasi gani, lakini mchanganyiko wenyewe ni vigumu kuukana. Sandow mwenyewe alizuru India mwanzoni mwa karne ya 20 na akajaza kumbi.

Kwenye swali langu la hesabu, yoga ina majibu mawili kutoka kwa mwalimu mmoja. Pattabhi Jois, mwanafunzi wa Krishnamacharya, aliacha mtindo ambamo siku nyingine mwalimu huhesabu kwa Kisanskriti na darasa zima hutembea naye, na siku nyingine kila mtu hufuata pumzi yake huku mwalimu akizunguka na kurekebisha. Ni wazo zuri, kwamba kipimo kihame polepole kutoka mdomoni mwa mwalimu hadi kifuani mwa mwanafunzi. Boti yetu haina hatua hiyo, na wala mchakamchaka. Lakini mkono unaorekebisha nao una historia yake: baada ya Jois kufariki mwaka 2009, wanafunzi wake kadhaa wa kike walieleza hadharani kwamba aliwagusa isivyofaa akisingizia kuwarekebisha. Mwalimu asiyeomba ruhusa kabla ya kugusa, awe wa yoga, wa jimu au wa ngoma, akimbiwe siku ya kwanza.

Mwanafunzi mwingine wa Krishnamacharya, B. K. S. Iyengar, alianza akiwa mtoto mgonjwa mgonjwa, na labda ndiyo maana alikuja kutumia mikanda, matofali ya mbao na viti ili mwili usiokunjika ufike bila kuvunjika. Kitabu chake cha 1966 kiliisambaza yoga duniani. Mwenye magoti mabovu aende kwa mwalimu wa ukoo huo kabla ya kwenda kwa yule anayerukaruka.

Najua swali linalofuata kwa Waislamu wa Ujiji, na ni swali la haki: je, kuna ibada ndani yake? Baraza la fatwa la Malaysia mwaka 2008 lilisema yoga iliyochanganyika na maombi ya Kihindu haimfai Mwislamu, na waziri mkuu wa huko akaongeza upesi kwamba mazoezi bila maombi hayana tatizo. Saudi Arabia mwaka 2017 iliitambua kama mchezo. Mtu anaweza kumuuliza mwalimu waziwazi kama kuna nyimbo za ibada au dua za aina yoyote darasani, na mwalimu mwema hatakasirika. Nairobi, Africa Yoga Project, iliyoanzishwa mwaka 2007, imewafundisha vijana wa mitaa ya kipato cha chini kuwa walimu, na kwa wengi wao yoga ni kazi inayolipa kodi ya nyumba. Ukiingia darasa la vijana hao, ule mjadala wa mila ya nani unapoteza makali, kwa sababu Kiswahili cha mtaani kimeshaivaa.

Binti wa kaka yangu alipopiga tena, akiwa na salio, nilimwambia atembelee kila mahali saa ileile atakayokuwa anakwenda kweli, maana jimu ya saa nne asubuhi si jimu ya saa kumi na mbili jioni, na foleni ya Dar es Salaam ina uwezo wa kufuta nia njema yoyote. Alipe kwa siku miezi miwili kabla ya kusaini chochote. Amtazame mwalimu kama anauliza habari za presha, magoti na uzazi kabla ya kumtwika kitu. Akanijibu, "Baba mdogo, kundi la jogging limeshaniweka kwenye daftari la harusi, hata sijakimbia." Nikajua ameshachagua. Vyuma atafanya Jumatano, kwa kulipia siku. Yoga ameiahirisha, na sikumsukuma.

Kinachobaki kunisumbua ni Bangwe yenyewe, ambako siku moja mtu atafungua jimu ya maana na kuinakili ile ya Dar es Salaam, pamoja na mkataba wake wa mwezi. Hataelewa kwa nini wateja wanapotea. Uvuvi wa dagaa kwenye ziwa letu ni wa taa usiku, hivyo mapato hufuata giza, na mbalamwezi ikitimia watu wana muda mwingi na mfuko mtupu. Kalenda ya ukutani haijui hilo. Mwaka 2024, serikali ilipolifunga ziwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, mtu mwenye mkataba wa mwaka angelipia miezi mitatu ya kutokuwa na kitu. Mwenye akili atatoza ada wakati wa giza na kufungua milango kutwa nzima wakati wa mbalamwezi. Atatenga saa za wanawake kwa kuwauliza wanaoanika dagaa wanamaliza lini, badala ya kubahatisha. Mashine za kukimbilia aziache, vilima vipo. Anunue vyuma vichache, amlete mtu anayejua migongo ya watu waliobeba magunia tangu utotoni, na amwajiri mmoja wa wale wanaoimbisha boti zikipandishwa. Huyo alipwe kama kocha.